Mlima Wote: Udongo Uliokauka

Wiki jana tulimwacha Mzee Elkana Mirumbe ameinama juu ya meza ya gereji yake, kisu mkononi, na binti yake Mellen amebana pumzi. Sasa kisu kimeshuka.

Kilikata kipande cha udongo katikati. Mzee akakibana kipande hicho kwa venia, kile kipimo cha chuma cha mafundi, akakisogeza karibu na jicho lake la kushoto, ambalo bado linamtii.

"Moja nukta nne," alisema.

"Soma tena, Baba."

"Nimesoma mara mbili. Milimita moja na nukta nne. Tunataka moja na nusu. Haikai, Mellen."

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, mjini Migori. Mbio zilikuwa Jumapili, Homa Bay.

Kwa wewe unayeanza nasi leo, jambo lenyewe ni hili. Mellen ana Corolla nyeupe ya zamani, na injini yake ya lita moja nukta sita ilijengwa na mikono ya baba yake. Katika mbio za kupanda mlima, magari ya injini hiyo kwenda chini hupanda asubuhi na mapema, hufika kwenye tangi la maji katikati ya mlima, yakageuzwa yarudi. Magari makubwa ndiyo hupanda mlima wote. Miaka mitatu Mellen amegeuzwa kwenye tangi, na mara mbili kati ya hizo alikuwa wa kwanza. Kila mara alipewa beseni la plastiki na makofi.

Mwaka huu alikuwa amechoka kugeuzwa.

Ndipo akapata krankshafti ndefu, ule mhimili unaozunguka chini ya pistoni na kuzipandisha. Ile ya zamani ilipandisha pistoni milimita sabini na saba; hii inazipandisha themanini na tano na nusu. Pistoni ikienda mbali zaidi, injini inameza hewa na petroli zaidi, na ile lita moja nukta sita inakaribia moja nukta nane. Unaingia daraja kubwa, na mlima wote ni wako.

Lakini pistoni inayokwenda mbali inaweza kukutana na valvu huko juu. Zikigusana mara moja tu kwa kasi ya mbio, valvu zinapinda, pistoni inatoboka, na injini ya Mzee Elkana inakuwa chuma chakavu. Mellen hana nyingine. Kwa hiyo mafundi hubandika udongo juu ya pistoni, hufunga injini, huizungusha kwa mkono, kisha hufungua na kupima udongo umebaki na unene gani. Udongo ndio unaosema ndiyo au hapana.

Udongo ulikuwa umesema hapana.

"Unene wa karatasi," sauti ilisema mlangoni. "Umekosa mlima kwa unene wa karatasi. Pole sana, madam."

Alikuwa Cliff wa Homa Bay, bingwa wa daraja kubwa mwaka jana, aliyekuja Migori kuchukua magurudumu yake na akapotea njia hadi gereji ya watu.

"Wewe umealikwa na nani?" Mellen alimuuliza.

"Na harufu ya chai ya Mzee. Sikia, hiyo krankshafti nipe mimi. Kwangu itapata kazi. Wewe Jumapili chukua beseni lako. Una mangapi sasa?"

"Mawili. Yananitosha, ndiyo maana sitaki la tatu."

Cliff alicheka. Mzee Elkana hakucheka. Alifuta kisu kwenye suruali, akakiweka mezani polepole.

"Mpe," alisema.

"Baba."

"Mpe, nimesema. Injini hii ina miaka mingi haijaniaibisha. Tuirudishe kama ilivyokuwa."

Mellen alikusanya vile vipande vya udongo kiganjani, akatoka navyo nje avitupe.

Kando ya uzio wa gereji huketi Mama Phelesia, mwanamke wa Kijaluo anayeuza vyungu. Ana karatasi ya nailoni ya kufunika mvua na kiti kimoja, ambacho humpa mteja yeye akakaa chini.

"Nyar Kuria," aliita, kama anavyomwita Mellen tangu utotoni, yaani binti wa Wakuria. "Unatupa nini asubuhi yote hii na uso umekunjika hivyo?"

"Udongo, Mama. Umenikatalia."

"Lete hapa."

Alikipokea kipande kimoja, akakikwaruza kwa ukucha. Kilitoa unga mweupe.

"Huu ni wangu. Mbona umeachwa ukakauka?"

"Baba aliutoa kwenye injini jana jioni. Akasema macho yamechoka, tutapima leo. Umelala mezani, karibu na jiko."

Mama Phelesia alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Kisha akavuta chungu kibichi ambacho hakijachomwa, akaingiza mkono. Bangili yake ya shaba iligonga mdomo wa chungu, ikakataa kuingia.

"Unaona? Wiki jana nilipokifinyanga, mkono huu uliingia na bangili yake ukatoka. Hakijaona moto. Kimekauka tu. Udongo wangu kila vidole kumi unakula kimoja."

Mellen alikodolea macho ile bangili. Akahesabu kichwani. Akahesabu tena. Moja nukta nne, rudisha kilicholiwa...

"Mama," alisema taratibu. "Unene niliopima si unene uliokuwamo."

"Hata mtoto wa jirani angekwambia. Na baba yako anajua kuliko wewe. Amechukua udongo kwangu tangu unanyonya. Huja na kopo lake, akasema, Phelesia, nipe laini, naenda kuukata sasa hivi ukiwa mbichi. Jana nilimkumbusha mwenyewe, usiuache ukauke. Akanyamaza."

Akanyamaza. Neno hilo lilimwingia Mellen kama maji baridi.

Mzee Elkana hakusahau. Mzee Elkana hasahau hata spana ya mtu aliyoazima mwaka juzi.

"Nipe mwingine," Mellen alisema.

Mama Phelesia alimega donge kutoka kwenye gunia, akalikanda mpaka likawa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Mellen alitia mkono mfukoni.

"Toa mkono huko. Nikuuzie matope?" Alivua kitambaa chake cha kichwani, akakilowesha maji yake ya kunywa, akalifunga donge. "Kimbia nalo. Na ukimaliza, nirudishie kitambaa, siyo unipangusie injini."

Mellen alirudi ndani. Baba yake hakuwepo mezani. Alikuwa amekwenda nyuma ya gereji. Kwenye meza aliacha kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani, kwa ajili yake, kama kila asubuhi. Mellen alikitazama mara moja, akakisogeza pembeni, akashika spana.

Alibandika udongo. Alifunga kichwa cha injini. Alizungusha kwa mkono, mara mbili, bila haraka.

"Sasa unapika mandazi?" Cliff aliuliza. Bado alikuwepo, watu wa aina yake hawaondoki kabla ya mwisho.

"Njoo karibu. Nina kazi yako."

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe ni adui yangu, huwezi kunidanganya kwa kunipenda." Alifungua kichwa, akakata udongo ukiwa bado unang'aa kwa unyevu, akampa Cliff venia. "Pima. Usome."

Cliff alipima. Akasogea kwenye mwanga wa mlango, akapima tena. Ule mzaha ulimtoka usoni.

"Soma kwa sauti, bingwa."

"Moja nukta tano tano," Cliff alisema.

Ilikaa.

Mellen alimkuta baba yake nyuma ya gereji, ameketi juu ya tairi, akisafisha plagi ambayo ilikuwa safi tayari.

"Ulijua," alimwambia.

Mzee hakuuliza alijua nini. "Nimepima udongo wa mama huyo tangu unanyonya."

"Basi ulinidanganya kwa udongo."

"Sikukudanganya. Niliuacha ukauke. Kilichosemwa kilisemwa na venia."

"Baba, hayo ni maneno ya wakili."

Mzee alipuliza plagi. "Nikikwambia usifanye, utanisikia?"

"Jaribu. Nipe sababu ya fundi, siyo ya mzazi."

"Sawa. Injini fupi inaimba. Unaizungusha mpaka mizunguko elfu saba na nusu kwa dakika inafurahi. Ukiirefusha, pistoni zinakimbia mbali zaidi kila mzunguko, na ukiilazimisha kufika huko juu itajirarua. Itabidi ubadilishe gia mapema, kabla mguu wako haujazoea. Mguu wako umezoea kuimba, Mellen."

"Mguu utajifunza. Mlimani sitaki kuimba, nataka kuvuta. Nikitoka kwenye kona nikiwa na kasi ndogo, ile fupi inakufa kwanza ndipo ifufuke. Ndefu itanivuta hapo hapo. Nimekosea wapi?"

Mzee aliendelea kuisugua ile plagi. Mellen hakuwa amekosea popote, na aliyemfundisha hayo ni Mzee mwenyewe.

"Bloki ikichongwa hairudi," alisema mwishowe. Alimaanisha tumbo la injini, ambalo lazima lipunguzwe mahali fulani ili krankshafti ndefu izunguke kwa usalama. "Ukiichonga leo, ile injini niliyokujengea haipo tena."

"Najua."

"Haipo tena, Mellen."

"Najua, Baba. Uliijenga nzuri, nami nimeiendesha kwa heshima. Lakini mimi ndiye ninayegeuzwa pale kwenye tangi. Si wewe, si Cliff. Kila mwaka nawasikia wakipita juu yangu kwenda nisikoruhusiwa. Mwaka huu sigeuki. Ukitaka kunizuia, nizuie kwa mdomo wako, usimtume udongo."

Mzee Elkana alisimama. Alichukua kofia yake kwenye msumari.

"Kunywa chai yako, imepoa," alisema, akaondoka kuelekea stendi bila kuaga.

Mellen alirudi kwenye injini. Muda ulikuwa unamkimbia, maana mtu pekee mwenye mashine ya kuchonga bloki ni Fundi Odhiambo wa Homa Bay, na Fundi Odhiambo ni Msabato. Ijumaa saa kumi anafunga karakana, anaoga, anaingoja Sabato. Hafungui tena mpaka Jumapili asubuhi, na Jumapili asubuhi magari yatakuwa mlimani.

Alitoa pistoni. Alitoa krankshafti. Mpaka saa saba bloki ilikuwa tupu sakafuni, nzito kama ng'ombe aliyelala. Job, mwenye pikapu, alikuja, akaitazama, akashika kiuno.

Cliff alivua koti.

"Wewe unafanya nini?" Mellen alimuuliza.

"Sikusaidii wewe. Nausaidia mgongo wa Job."

Waliinua pamoja. Cliff mwenyewe ndiye aliyekaza kamba, akaivuta mara mbili kuona kama inashika. "Jumapili nitakupita kwenye kona ya pili," alisema akivaa koti lake. "Nataka nikupite ukiwa na injini. Kumpita mtu asiye na injini hakuna raha."

"Asante kwa kamba."

"Usiniambie asante, nitazoea."

Mellen na Job walifika Homa Bay saa tisa na dakika ishirini, ziwa likimetameta kule chini. Fundi Odhiambo alikuwa ameshafagia. Alikuwa na ndoo ya maji na sabuni, na shati lake safi lilitundikwa kwenye msumari. Lakini mashine ya kuchonga hakuwa ameifunika. Meza yake ilikuwa wazi, imepanguswa, na gunia limetandikwa juu yake kupokea bloki.

"Tangu uliponipigia simu, nilisema nikungoje kidogo," alisema. "Mtu anayetoka Migori na bloki hukutana na mambo njiani. Iweke hapa, dada. Ukichelewa zaidi ya saa kumi, hapo hatutaelewana, mimi na wewe na Mungu."

Waliipandisha. Odhiambo aliwasha taa, akachovya kitambaa kwenye petroli, akaanza kusugua tumboni mwa bloki ambapo alitakiwa kuchonga. Masizi ya miaka yalitoka meusi. Alisugua, akaacha. Akainama.

"Ile krankshafti ndefu uliwezaje kuizungusha humu kabla ya kuja kwangu? Ilipaswa kugonga."

"Baba alisema Jumatano alipiga tupa kidogo."

"Jumatano ipi?" Odhiambo alimshika mkono, akakipeleka kidole chake ndani. "Gusa. Mahali pote panne pameshapigwa tupa. Na siyo juzi. Mafuta ya zamani yameganda ndani ya mikwaruzo. Haikuchongwa ya kutosha, nikiongeza milimita moja ndiyo itakuwa salama. Lakini injini hii, dada, iliwahi kuwa ndefu."

Mellen alipapasa. Leo, akikimbizana na saa, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulifungua tumbo la injini hii, na masizi yalikuwa yameficha yote; miaka yote baba yake hakumruhusu mtu kulifungua. Mikwaruzo ilikuwa hapo chini ya kidole, ya mkono, mingi, ya mtu mwenye subira.

"Nani aliyeweka ndefu humu kabla yako?" Odhiambo aliuliza.

"Mimi."

Waligeuka. Mzee Elkana alikuwa mlangoni, kofia mkononi, shati limekunjamana kwa safari. Alikuwa ametangulia.

"Nilichonga kwa tupa siku nne," alisema. "Ulikuwa na miaka mitatu, ukilala kwenye boksi la magurudumu pembeni yangu. Lakini siyo mimi niliyeendesha."

"Nani aliendesha?"

"Mama yako."

Maisha yake yote Mellen aliambiwa kwamba mama yake, Metrine, alivuka mpaka pale Sirari kufanya biashara ya nguo, na hakurudi.

"Hakukuwa na nguo," Mzee alisema. "Alipanda mlima wote, akawa wa kwanza, wanaume wazima wakashika vichwa. Kulikuwa na watu wa magari kutoka Nairobi. Wakamwambia ana kiti cha dereva kwao. Akasema anaenda wiki mbili." Aliigeuza kofia mikononi. "Wiki ya sita nilitoa ile ndefu. Nikarudisha fupi, nikafunga injini, nikaapa hakuna atakayeifungua."

Mellen alimtazama baba yake, na hasira aliyosafiri nayo kutoka Migori ikakosa mahali pa kukaa.

"Kwa hiyo hukuogopa ivunjike."

"Ikivunjika ningeitengeneza. Niliogopa ifanye kazi."

Fundi Odhiambo alikohoa kwa adabu, akatazama saa ya ukutani. "Mniwie radhi. Ni saa kumi kasoro robo. Mashine inataka dakika kumi na tano kamili. Nichonge ama nifunike?"

Mellen alifungua mdomo, lakini baba yake alinyoosha mkono. Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Kwanza soma hii. Nimetoka kwa waandalizi wa mbio sasa hivi. Gari liko kwa jina langu, bila sahihi yangu wasingekuandika daraja kubwa. Nimetia sahihi. Hilo umelishinda, sina neno tena." Akampa karatasi. "Halafu wakanipa orodha ya watakaopanda."

Mellen aliikunjua. Jina lake lilikuwa la mwisho, limeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa baba yake. Cliff alikuwa wa kwanza. Kidole cha Mzee, chenye mafuta yasiyotoka tena ukuchani, kilishuka taratibu mpaka mstari wa nne.

Metrine Mirumbe.

"Bado anatumia jina langu," Mzee alisema.

Mellen alisoma jina hilo mara tatu.

"Injini yake ni lita ngapi?"

"Mbili."

Mellen aliikunja karatasi, akamrudishia baba yake. Akakunja mikono ya ovaroli yake mpaka kwenye viwiko, akaishika bloki kwa mikono yote miwili isitikisike.

"Chonga, Fundi."